Kiasi ni Wajibu wa Nani?

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Mara nyingi juu ya mimbari na katika baraza zetu hunenwa khabari za kuishi kwa kiasi, na aghlabu anayeelekezewa maneno hayo ni mtu mwenye pato dogo. Yeye ndiye anayeambiwa ajibane, apunguze, aweke akiba, asitake makubwa. Maneno hayo si ya uwongo, lakini yana upungufu. Humwambia aliyekwisha banwa ajibane zaidi, na humwacha aliyekunjuliwa riziki apite kama kwamba neno hili halimhusu. Makusudio ya makala haya ni kuuliza swali moja na kulijibu kwa kadiri tutakavyojaaliwa: kiasi ni wajibu wa nani? Je, ni dawa ya maskini peke yake, au ni haki ambayo kila mwenye kitu anadaiwa na jirani yake?

MAANA YA KIASI

Kwanza yapasa tubainishe maneno, kwa sababu watu huchanganya kiasi na ubakhili, na hivyo ni vitu viwili vilivyo mbali. Katika Sura ya Furqan, aya ya 67, waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwamba wanapotoa hawapiti mpaka wala hawafanyi choyo, bali hukaa katikati ya mambo hayo mawili. Basi kiasi kina maadui wawili, mmoja kuume na mmoja kushoto, na mwenye kumkimbia mmoja asije akaangukia mikononi mwa mwenziwe.

Hind binti Utba, mkewe Abu Sufyan, alimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ni mtu mwenye mkono mzito, hampi cha kumtosha yeye na wanawe. Mtume hakumwambia avumilie kwa kuwa mumewe anaweka akiba. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kadiri ya kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Na Salman alipomzuru Abu Dardaa, akamkuta mkewe amejiacha kwa kuwa mumewe ameipa dunia mgongo, alimkumbusha nduguye kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Na Mtume alipopata khabari alimsadikisha Salman. Mambo haya mawili yatosha kutujulisha kwamba mwenye kuwanyima watoto wake maziwa na kitabu cha skuli, kisha akasema yeye anaishi maisha mepesi, huyo hakufuata Sunna. Amejipa jina zuri juu ya kitendo kibaya.

Neno letu lenyewe, kiasi, asili yake ni neno la Kiarabu qiyas, yaani kupima. Mwenye kiasi ni mwenye kipimo. Na hapa ndipo penye swali letu, kwani kipimo cha matumizi katika mji si cha mtu mmoja. Hakuna anayeketi nyumbani kwake peke yake akakata shauri harusi ni nini, au sikukuu ni nini, au heshima ya maiti ni nini. Mambo hayo hupimwa na mji mzima, na katika mji wanaoonekana zaidi ndio wanaoshika kipimo.

KINACHOVUNJA NYUMBA YA MTU MDOGO

Tuchukue mfano, tuutazame kwa hesabu. Mtu ana pato la shilingi 24,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba anatoa 7,000. Chakula cha mwezi ni 10,000. Maji, stima na moto wa kupikia ni 3,000. Nauli, skuli na chuo cha watoto ni 2,500. Jumla ni 22,500, na kilichobaki ni 1,500. Mtu huyu hana israfu. Mwenye kumwambia apunguze, atamwambia apunguze nini? Chai ya asubuhi, au mbaazi za watoto?

Na lau ataziweka zote zile 1,500, asiugue mtu nyumbani wala kisianguke kitu kikavunjika, kwa mwaka atakuwa na shilingi 18,000. Sasa binti yake amechumbiwa. Mji umekwisha amua kwamba harusi ni ukumbi, na mapambo, na picha, na sinia za biriani kwa mamia ya watu, na usiku wa hina, na masanduku ya nguo. Tuseme kwa uchache hayo yote yatamchukulia shilingi 270,000. Gawanya kwa 18,000 utapata miaka 15. Harusi moja ya siku tatu ni akiba ya miaka 15 ya mtu asiyefanya israfu hatta siku moja. Na pengine ana mabinti watatu.

Basi mtu huyu havunjwi na mlo wake wala na nguo yake. Huvunjwa na siku chache za mwaka ambazo watu wanamtazama. Harusi ni moja. Matanga ni ya pili. Nguo za Idi ni ya tatu, kwani mtoto atatoka uwanjani pamoja na watoto wengine. Na siku hizi limezidi jambo la sare, ambapo jamaa za bibi harusi huambiwa kila mmoja anunue kitambaa cha namna moja ashone, na harusi ya pili kitambaa kingine, na ya tatu kingine. Mwanamke anayechoma mahamri alfajiri auze apate matumizi ya siku, mwaliko unamfikia kama hati ya deni. Akitaa, ataambiwa hakumpenda mwana wa nduguye.

Anafanyaje? Anakopa. Zamani mwenye kutaka mkopo ilimbidi amwendee mtu, amtazame uso, amweleze haja yake, na haya ile ilikuwa kizuizi chema. Hivi leo mkopo hauna uso. Tangu ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha, na ilipoanza M-Shwari mwaka 2012, simu ikawa mlango wa mkopo, kisha milango mingine ikafunguliwa ubavuni mwake. Mkopo huo wa mwaka 2012 ulianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Yaonekana ni kitu kidogo: shilingi 75 juu ya 1,000. Lakini mwenye kuuchukua, akaulipa, akauchukua tena, mwezi baada ya mwezi, kwa mwaka atakuwa ametoa shilingi 900 kwa kushika shilingi 1,000 ambazo si zake. Na sisi Waislamu tuna msiba wa pili juu ya khasara hiyo, nao ni kwamba ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, hatta ikiitwa ada.

Ama deni lenyewe, hatta lisilo na riba, Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga nalo kwa Mwenyezi Mungu ndani ya sala. Alipoulizwa sababu ya kujikinga nalo mno, alieleza kwamba mtu akiingia katika deni hunena akasema uwongo, na huahidi akakhalifu. Tazama ulivyo ukweli wa jambo hili. Mtu mwema, mwenye kusali safu ya kwanza, akiwa na madeni huanza kupita njia ya nyuma ya nyumba, huzima simu yake, humwambia mtoto aseme baba hayupo. Karamu imekwisha, waliokula wamesahau, naye bado anasema uwongo kwa ajili ya sinia zile.

SHAKA YA KWANZA: MALI NI YANGU

Atasema msemaji: mali ni yangu, nimeichuma kwa njia ya halali, na zaka yake nimetoa. Nikimwoza binti yangu kwa karamu ya watu elfu, nimemdhulumu nani? Aliyekopa, amekopa kwa hiari yake, mimi sikumtuma.

Na mwenye kusoma ataongeza: hatta Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, katika Minhaj, kitabu ambacho wanavyuoni wa mwambao wetu wamekisoma na kukisomesha kizazi baada ya kizazi, ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kutumia mali katika vyakula na mavazi yasiyolingana na hali ya mtu hakuhesabiwi kuwa ubadhirifu.

Tutamjibu: maneno hayo ni kweli yamo, na haifai kuyaficha. Lakini tazama yamo mlango gani. Yamo katika mlango wa hajr, yaani kumzuia mtu asiitumie mali yake. Swali linaloulizwa pale ni hili: je, kadhi amnyang'anye mtu huyu mamlaka ya mali yake kwa sababu ya kula na kuvaa kupita hali yake? Jawabu ni la. Wala sisi hatumwombi kadhi amzuie mtu yeyote. Lakini si kila asichokizuia kadhi ni chema. Kadhi hamfungi mtu kwa choyo, wala kwa kiburi, wala kwa kulala ameshiba na jirani yake ana njaa, na hayo yote Mwenyezi Mungu atayauliza. Tena washereheshaji wa kitabu hicho hicho wameongeza kwamba mtu akijifanyia anasa hizo kwa mali ya kukopa, naye hana cha kulipia, basi kwake ni haramu. Kwa hiyo kitabu anachokitegemea tajiri kwa karamu yake, ndicho kinachomkataza maskini asimuige.

Basi ni lipi la tajiri? Tusikilize khabari ya nyama za udhhiya. Mwaka mmoja, Idi ya kuchinja, waliingia Madina watu wahitaji kutoka majangwani. Mtume (S.A.W.) akawakataza watu wasiweke nyama za udhhiya zao zaidi ya siku tatu, na kinachobaki wakitoe sadaka. Mwaka uliofuata watu walimuuliza, naye akawajulisha kwamba aliwakataza kwa ajili ya wale wahitaji walioingia, na sasa wale, waweke akiba, na watoe sadaka.

Ndugu msomaji, lifikiri jambo hili vizuri. Nyama ile ilikuwa yao. Waliinunua kwa mali yao na kuichinja kwa mkono wao, na kuiweka hakukuwa haramu jana wala hakukuwa haramu mwaka wa pili. Kilichobadilika ni hali ya jirani. Hali ya jirani ilipobadilika, uhuru wa mwenye nyama ulipungua, na hali ilipotengenea, uhuru ukarudi. Hapa ndipo tunapojua kwamba neno "mali ni yangu" ni kweli lakini si mwisho wa maneno.

Hivyo ndivyo alivyofahamu Sayyidna Umar (R.A.). Katika mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639, ulipoingia ukame mkubwa unaojulikana kwa jina la Mwaka wa Ramada, alijizuia asile samli wala nyama mpaka watu wapate nafuu, akawa anakula mafuta hatta rangi yake ikabadilika. Samli haikuharimishwa mwaka ule. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele ya macho ya watu, na aliona kwamba aliye mbele akila peke yake, amewaondolea wengine subira yao.

Na lau utasoma Sura ya Israa, aya ya 26, utaona kwamba ubadhirifu umekatazwa mahali gani. Kwanza imetajwa haki ya jamaa, kisha ya maskini, kisha ya msafiri, na mara baada ya hapo ndipo likaja katazo la kutawanya mali. Katazo limeandamana na haki za watu, kwa kuwa kinachotawanywa aghlabu kina mwenyewe anayekingoja.

KUFURAHI NA KUHUZUNIKA KWA SUNNA

Tazama sasa karamu za Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Alipomwoa Bibi Safiyya, wakati wa kurejea kutoka Khaybar mwaka wa 7 wa Hijra, karamu ilikuwa tende, jibini kavu na samli vilivyotandazwa juu ya ngozi, na hapakuwa na mkate wala nyama. Alipomwoa Bibi Zaynab alichinja mbuzi. Na Abdurrahman bin Auf alipooa alimwambia afanye karamu japo kwa mbuzi mmoja. Hakuna karamu moja iliyofanywa kuwa ndiyo kipimo cha nyingine zote. Kilipopatikana kingi kililiwa, na kilipopatikana kichache kililiwa kile kile, na hakuna aliyesema kwamba Safiyya ameolewa bila heshima. Nasi tuna methali yetu ya zamani: mtu hujikuna ajipatapo. Lakini siku hizi tunataka wote wajikune mahali pamoja, mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi.

Ama matanga, hapo tumeigeuza Sunna juu chini. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, sawa na 629, Mtume aliwaamuru watu wawapikie jamaa za Jaafar chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Yaani mji huwapikia wafiwa. Kwetu wafiwa huupikia mji. Na Jarir bin Abdillah (R.A.) ameeleza kwamba wao masahaba walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kupikwa chakula huko baada ya maziko kuwa ni katika maombolezo yaliyokatazwa.

Mjane hajamaliza hatta wiki ya eda yake, anaulizwa mchele magunia mangapi. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba aghlabu mchele huo hununuliwa kwa mali aliyoiacha maiti, kabla madeni yake hayajalipwa na kabla mirathi haijagawiwa, na katika warithi wamo mayatima. Mayatima hawana ruhusa ya kutoa wala hawaulizwi. Mwenye kula hapo, na ajiulize amekula mali ya nani, kisha asome aya ya 10 ya Sura ya Nisaa. Mtume alikuwa hapo mwanzo akiletewa jeneza la mwenye deni lisilo na malipo, huacha kumsalia mpaka atokee mtu alichukue deni lile. Basi lipi linamfaa maiti wetu zaidi: pilau ya watu mia mbili, au kulipiwa deni lake la dukani?

SHAKA YA PILI: UKARIMU WETU

Atasema mwengine: watu wa mwambao tumejulikana kwa ukarimu. Mkipunguza karamu mtaua ukarimu, na watu watakuwa kila mtu na mlango wake.

Jawabu letu ni kwamba ukarimu ni kumpa mgeni katika kile ulicho nacho, na kumfanya asione haya kukila. Kukopa ili mgeni aseme umepika ni kujipamba kwa mali ya mwenye duka, na wazee wetu walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Mtume (S.A.W.) aliwasifu Ash'ariyyun, watu wa kabila la Abu Musa, kwamba chakula kikiwapungukia hukusanya wote walicho nacho katika nguo moja, kisha hugawana sawasawa. Huo ndio ukarimu wa watu wenye pato dogo, na hauhitaji mkopo. Tena tazameni: ni karamu hizi kubwa ndizo zinazotufanya tuwe kila mtu na mlango wake. Mtu asiyeweza kurudisha alichokula huacha kwenda. Asiye na sare hujifanya mgonjwa siku ya harusi. Udugu unakatika kwa kile kile kinachodaiwa kuwa kinaunganisha udugu.

SHAKA YA TATU: TAWAKKUL

Atasema wa tatu: riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, ya nini kuhesabu shilingi na kuweka akiba? Huku ni kupungukiwa na imani.

Tutamwambia: Mtume (S.A.W.) ndiye mwenye tawakkul kuliko sisi sote, na imethubutu kwamba alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka katika mali iliyopatikana kwa Bani Nadhir. Nabii Yusuf, katika aya ya 47 ya sura yenye jina lake, aliwafundisha watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake kwa miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya shida. Na Saad bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa mali yake yote kwa wasia, Mtume alimwekea mpaka wa thuluthi moja, na akamwambia kwamba kuwaacha warithi wake wakiwa wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kuhesabu si upungufu wa imani. Asiyehesabu ndiye anayewategemea viumbe, kwani mwisho wake atawanyooshea mkono.

KIASI CHA NYUMBANI

Hayo ya siku kubwa. Ama siku za kawaida, hapo kila mtu ana la kufanya, tajiri na maskini. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji, nayo ni chini ya lita moja, na akikoga janaba kwa pishi ya Kiarabu iitwayo sa', yaani mudd nne, na pengine tano. Hivi leo mtu mmoja hufungua mfereji msikitini, akazungumza na mwenziwe huku akiosha mguu, akapoteza maji ya kuwatawadhisha watu kumi. Maji ya Mombasa hayatoki chini ya msikiti. Mengine hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Na mitaa iko ambayo mfereji hukauka, na watu wake hununua mitungi ya lita 20 kwenye mikokoteni kwa fedha zile zile zilizobaki baada ya kodi. Maji yanayomwagika kwako ni maji ambayo mwengine ananunua.

Mama zetu hawakusoma khabari za kuhifadhi ardhi, lakini walikuwa nazo mikononi. Leso ilivaliwa mpaka ikachakaa, ikawa mbeleko, kisha winda la mtoto, kisha tambara la kufutia, na ilipotupwa haikuwa imebaki kitu cha kutupa. Sokoni walikwenda na kikapu cha ukili. Kisha ikaja mifuko ya plastiki, ikajaa mitaroni na ufuoni, hatta Serikali ya Kenya ikapiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na watu wakalazimika kutafuta tena vikapu. Jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa adabu, sisi tumelirudia kwa kuogopa faini.

Na mwezi wa Ramadhani ndio wenye kutufedhehesha zaidi. Ni mwezi wa kupunguza kula, na katika nyumba nyingi ndio mwezi ambao matumizi ya chakula hupanda kuliko miezi yote. Meza hujaa kaimati na viazi vya karai na sambusa na vitu kumi vyengine, na baada ya Tarawehe vilivyobaki humwagwa. Katika Sura ya Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tumekatazwa israfu. Na aya inayofuata inawakemea wanaoharimisha pambo na riziki njema. Basi kula kizuri si kosa. Kosa ni kupika cha kumwaga.

WASIA WETU

Haifai mtu akayashika maneno haya akayafanya fimbo ya kuwapigia maskini. Mwenye duka asimwambie kijana wake ajifunze maisha mepesi ili apate kumpunguzia mshahara. Kiasi ni cha mtu katika matumizi yake mwenyewe, hakuwi katika haki za watu walio chini yake. Wala asiyetoa zaka asimuhubirie mwenziwe akiba.

Baada ya hayo, twatoa shauri hili kwa watu wa miji yetu.

Kwanza, wenye uwezo ndio waanze. Tajiri akimwoza binti yake msikitini baada ya sala ya Alasiri, kwa tende na halwa na kahawa, na akawaalika maskini wa mtaa wake, ataambiwa ni bakhili kwa muda wa mwezi mmoja. Na astahamili. Fedha aliyoibakisha awape wale maharusi wawili kodi ya nyumba ya mwaka, au amlipie mtoto wa jirani karo. Mtu wa pato dogo hawezi kuwa wa kwanza katika jambo hili, kwa sababu yeye akifanya hivyo husemwa hakuwa nacho. Lakini akifanya mwenye nacho, amewafungulia mlango mia walio nyuma yake, na kila anayepumzika kwa sababu yake, yeye ana fungu katika thawabu zake inshaallah.

Pili, majirani wa mfiwa wapike wao kwa zamu siku zile za mwanzo, wala jiko la mfiwa lisiwashwe kwa ajili ya wageni. Na madeni ya maiti yatangazwe na kulipwa kabla ya kitu kingine chochote.

Tatu, kina mama wenye kucheza mchezo wa fedha kila wiki au kila mwezi, fungu likimfikia mtu aanze kwa karo, kodi na deni, na sare iwe ya mwisho au isiwepo. Mchezo ni mkopo usio na riba ambao mama zetu wameujua zamani, na si haki kuutoa katika kheri hiyo kuutia katika kushindana.

Nne, shekhe na imamu akialikwa penye israfu, aseme neno kwa upole, wala asiwe wa kwanza kusifu sinia. Watu humtazama yeye zaidi kuliko wanavyomsikiliza.

Tano, na hili ni la mwenye pato dogo: ajifunze kusema "sina" bila kuinamisha kichwa. Katika Sura ya Baqara, aya ya 273, wametajwa kwa sifa njema watu mafakiri ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba. Heshima yao ilikuwa katika kujizuia, haikuwa katika kuonekana. Lakini neno hili "sina" halitakuwa jepesi mdomoni mwake mpaka sisi wengine tuache kumcheka anapolisema. Kwa hiyo hatta wajibu huu wa tano, ambao ni wa maskini, nusu yake iko mikononi mwa jirani yake.

Hilo ndilo jawabu la swali tuliloanza nalo. Kiasi ni wajibu wa kila mtu, lakini mwenye kuanza ni yule ambaye kipimo kiko mkononi mwake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atukinai kwa halali Yake, atuepushe na deni linalotutia uwongoni, awalipie wenye madeni katika sisi, na awape wenye nacho moyo wa kuanza. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.